Kutu ya Kufuga

Baba yangu, fundi Aminirabi wa Pasua,
alikuwa na adui mmoja tu duniani,
na adui huyo hakuwa jirani wala serikali.
Alimfuata chini ya bodi za malori,
kwenye mageti ya Shanty Town, kwenye bawaba za kanisa,
akamkwangua kwa msasa, kwa brashi ya waya,
kwa matusi ya Kimachame yasiyofaa mezani,
kisha akamzika chini ya rangi nyekundu, mikono miwili.
"Mvua moja tu," alisema, "atafufuka."

Nami, Ndeshi, mwanawe wa tatu,
niko Tengeru, chumba cha pili toka mwisho wa korido,
nafuga kutu.

Naipanda juu ya kioo chembamba:
matone ya kloridi ya chuma, rangi ya chai kavu,
kisha tanurini, nyuzi mia tano na hamsini,
mpaka iive wekundu wa njia ya Kibosho kiangazi.
Naitumbukiza majini, naiwashia taa inayojifanya jua,
nasubiri.

Chuma hakiliwi. Chuma hutoa.
Hutoa elektroni, moja, mbili, na ya tatu,
oksijeni hupokea bila kusema asante,
na maji husimama katikati kama mshenga.
Tunachokiita kutu ni risiti tu.

Lakini ipigwe mwanga, risiti hiyo hiyo
hugeuka mdai:
elektroni huruka, huacha pengo,
na pengo halivumilii kuwa pengo,
huyageukia maji, huyapokonya yaliyo yake,
hadi mshenga mwenyewe anavunjika ndoa.
Huku povu la oksijeni; kule, kwenye waya wa platini,
vipovu vya haidrojeni, vidogo kuliko punje ya ulezi,
moto ambao bado haujawaka.

Nasema moto. Mita inasema mikroampia thelathini na nane.
Haitoshi kuwasha hata kitochi cha kiberiti cha gesi.
Jumanne umeme ulikatika, tanuri likapoa lenyewe usiku kucha;
asubuhi kipande kile kilitoa hamsini na moja.
Nimeandika daftarini: Sijui kwa nini.
Nikapiga mstari chini yake.

Mwezi wa saba walimlaza KCMC.
Miaka arobaini ya kuchomelea:
Moshi mji, na moshi wenyewe,
vyote vilikuwa vimehamia kifuani.
Puani mrija, ubavuni mtungi mrefu kama mlinzi.
Oksijeni ile ile.
Iliyomlia mageti sasa inaingia kwa kipimo,
lita tatu kwa dakika,
inaunguza uji wa asubuhi polepole, bila mwali,
vidole vyake vipate joto la kunishika.

Nikamchorea yote kwenye boksi la dawa.
Alisikiliza kama anavyosikiliza injini, jicho moja limefumba.
"Yaani wanakulipa," akavuta pumzi, "kwa kutengeneza kutu?"
"Kidogo, baba."
"Kutu kidogo, au hela kidogo?"
"Vyote."
Akacheka mpaka nesi akaja.

Kisha akanyoosha kidole sakafuni.
Chini ya mtungi, juu ya vigae vyeupe,
duara la rangi ya tofali.
"Na hiyo hapo, nani anaifuga?"
Akataka msasa. Nikamwambia hii ni wodi, si gereji.

Kesho yake nikauleta, namba mia na ishirini,
nimeukunja ndani ya kanga.
Mikono yake haikuweza. Nikapiga magoti mimi.
"Kwa mzunguko," alisema toka juu. "Usiikimbilie.
Ukiikimbilia inajificha."

Vumbi lake nililikunja kwenye risiti ya duka la dawa,
nikapanda nalo hadi Tengeru.
Lina namba sasa, rafu ya chini: sampuli ya sitini na nne.
Bado sijaiwashia taa.